Hatua Fupi za Kupandia Mlima

Mzee Kilomita alipewa jina hilo na majirani kwa sababu ya mdomo wake. Gari lake dogo likisimama tu, yeye husoma kwa sauti kilomita zilizohesabiwa na mita ya gari, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nyumbani mpaka kliniki: kumi na mbili. Mkewe, mshona nguo, alikuwa ameisikia kumi na mbili hiyo kila Jumanne tangu avunjike nyonga, mpaka masikio yakaizoea.

Matairi yalipobaki vipara kama kichwa cha mzee mwenyewe, mkwe wao akaleta manne mapya, manene, akayafunga kwa mikono yake. Gari likainuka kama limevaa viatu vya harusi. Mama mkwe akashukuru mpaka machozi yakamtoka.

Jumanne iliyofuata, kwenye mlima wa kliniki, gari likagoma. Gia ya pili, iliyotosha siku zote, ikakohoa. Ya kwanza ikalia, klachi ikanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Wapita njia wakasukuma.

"Mzee, umebeba mama au umebeba jiwe?"

Walipofika juu, mzee akasoma, "Kumi na moja! Unaona? Matairi mapya yamefupisha hata njia."

Jumanne ya pili hata kusukuma hakukufaa kitu, wakarudi. Fundi akasema injini imechoka, lazima ifunguliwe, miezi miwili. Mtaalamu wa mazoezi wa kliniki akasema kwenye simu, "Mama, ukikosa mwezi mmoja tu, mguu utakakamaa, tutaanza upya kitandani."

Mama akawa anajifanyia mazoezi kwenye ngazi za mlango wa jikoni. Hatua fupi, alivyofundishwa. Siku moja hasira zikampanda, akataka kuvuka ngazi mbili kwa mpigo. Nguvu zikakata, akakaa chini puu. Pale pale chini akaikumbuka ile kumi na moja.

Akachukua futi yake ya kushonea, akamwita mumewe.

"Toa tairi la akiba."

La akiba lilikuwa bado la saizi ya zamani. Akalizungushia futi, kisha akazungushia jipya, kama anayempima bwana harusi kiuno. Jipya lilizidi karibu shubiri nzima.

"Mzee wangu, injini ni nzima. Gurudumu likizunguka mara moja, siku hizi linapiga hatua ndefu. Mita huhesabu mizunguko tu, ndiyo maana namba haifiki kumi na mbili. Kwenye tambarare, raha. Mlimani, injini ina nguvu zile zile lakini inalazimishwa kuvuka ngazi mbili mbili. Kama mimi pale jikoni."

Mzee akakuna kipara. "Sasa nani atamwambia mkwe? Mimi simo."

Mama akapiga simu mwenyewe. Akamsalimu, akashukuru kwa matairi, akauliza hali ya wajukuu, akashukuru tena.

"Mama," mkwe akasema, "umeshanishukuru mara mbili. Sema linalouma."

Akasema. Kicheko kikapasuka kwenye simu.

"Nilinunua saizi ya gari langu la mizigo! Mbona hukuniambia moja kwa moja?"

"Tuliona haya, baba."

"Haya na mguu, kipi kizito?"

Jumamosi mkwe akaja na matairi ya saizi ya gari la mzee, yale manene akayahamishia kwenye gari lake la mizigo. Mama akayapima mapya na la akiba kabla hajamkaribisha ndani. Sawasawa. Ndipo akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umenipa mara mbili, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Jumanne, gia ya pili ikaupanda mlima bila kikohozi. Juu, mzee akazima gari.

"Kumi na mbili."

"Hebu rudia," mkewe akamwambia.

"Kumi na mbili, mama!"

Mama akafungua mlango, akashika fimbo yake, akazikabili ngazi za kliniki moja moja.