Hodi ya Ruphin

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi Fathima alimleta binti yake saluni, akampandisha kwenye kiti juu ya kasha la soda ili kichwa kifike mikononi mwa msusi, kisha akaenda zake kusafisha vyumba vya wageni katika maghorofa ya South Beach, Durban. Binti aliitwa Mishka, na alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka mitatu. Msusi alikuwa Marcelline, mwanamke wa Bukavu, aliyesuka upesi kuliko wenzake kwa sababu moja tu: hakuwa na mtu wa kupiga naye soga.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba 1999, alipofika msuko wa nne, mtoto alisema, "Marcelline, unanivuta. Mikono yako imekuwa migumu. Kule Bukavu haikuwa hivi."

Marcelline akalegeza mkono. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtoto, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa Ruphin, mumewe, mtu aliyezoea kusitasita kila baada ya neno la tatu kama anayetafuta miwani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Maliza kwanza upande huu."

Akamaliza upande ule. Kazi ni kazi, na mteja mwingine alikuwa ameshakaa benchini akitazama saa.

Huyo Ruphin alikuwa katekista. Vita vilipoingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, watu wa mtaa wao walijifungia kanisani, Marcelline akiwa miongoni mwao. Siku ya pili, mchana, maji yakaisha. Ruphin akachukua bidoni la njano, akatoka kwenda kuchota. Papa Léonard, mzee wa kanisa aliyeshika funguo, alisema jioni ile, "Alitoka, hakurudi." Miaka mitatu baadaye, Durban, alikuwa bado anasema vilevile. Haongezi, hapunguzi.

Sasa, kutorudi si kufa. Wakongomani wa Durban walikuwa na sheria juu ya jambo hilo, na waliipata kwa aibu. Mwaka 1997 walimlilia mtu mmoja, wakaondoa matanga, wakala wali na kuku kwa jina lake, wakagawana nguo zake. Wiki mbili baadaye marehemu akashuka kwenye basi la Johannesburg akiuliza suruali zake ziko wapi. Lo! Tangu hapo wakakata shauri: matanga hayaondolewi mpaka asimame mtu aliyekiona kifo kwa macho yake. Asiye na shahidi angoje. Katika ibada zao za Jumapili mwanamke anayengoja hukaa safu ya kushoto, na kando yake huwekwa kiti kitupu cha huyo aliyetoka. Hapiki kwenye sherehe za wenzake. Haombewi pamoja na wajane. Hakuna anayempa pole, maana pole ya nini? Marcelline alikuwa amekaa kando ya kiti hicho miaka miwili na nusu, na kilimchosha kuliko kusimama saluni kutwa.

Saa nane mchana Fathima alirudi kumchukua mwanawe. Alikuwa mzaliwa wa Durban, wa wale Waislamu wa Chatsworth ambao mababu zao waliletwa kutoka Afrika Mashariki, na Kiswahili alikipata kwa bibi yake.

"Mama Mishka," Marcelline akamwambia, "mtoto anasema alikuwa mume wangu."

Fathima akaweka ndoo yake chini. "Eish. Nilijua iko mtu mle ndani. Kwetu mambo haya hayapo, dada, nikisema msikitini watanifukuza. Lakini tumboni hakucheza kabisa mpaka wiki ya mwisho ya Oktoba, mwaka ule wa tisini na sita. Daktari alishaanza kunitazama kwa huruma. Na tangu ajue kusema anaomba sombe, hayo majani ya muhogo yenu. Mimi sijapika sombe maisha yangu." Akamfunga mtoto kamba za viatu. "Mumeo, sawa, sikatai. Lakini ni mwanangu. Saa nane namchukua."

Jumamosi iliyofuata Marcelline alikuja na sombe kwenye bakuli. Ruphin alikula vijiko vitatu, akasema chumvi iko sawa, akalala mapajani mwake. Kwa muda wa saa nzima Marcelline alimshika mumewe, uzito wa kilo kumi na tatu, jasho likimtoka mtoto kwenye paji la uso. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Alikuwa amemwomba Mungu amrudishie mtu huyu, na Mungu amemrudisha, na saa nane anakwenda Chatsworth na mama yake.

Alipoamka, Ruphin alieleza kifo chake.

"Nilirudi. Bidoni lilikuwa limejaa. Nikapiga mlango mara tatu, kisha mbili, kama tulivyopatana. Léonard akauliza ni nani, nikasema ni mimi Ruphin. Askari walikuwa wamefika pale kwenye kona. Nikasikia Léonard anawaambia, 'Tuimbe.' Mkaimba."

"Na mimi niliimba?"

"Ubeti wa pili uliuanzisha wewe. Sauti yako naijua."

Hakusema kwa hasira. Marcelline aliukumbuka wimbo ule. Aliikumbuka mikono ya Papa Léonard ikipanda, juu, juu zaidi, pazeni sauti. Hodi hakuikumbuka. Akalia palepale, na wasusi wenzake wakafungua dirisha wakidhani ni dawa ya nywele imemwingia machoni.

"Utasimama useme haya mbele ya watu?" akauliza alipotulia.

"Nitasema. Lakini fanya haraka. Kiingereza kinaingia, mimi natoka."

Na kweli alikuwa anatoka. Jumamosi ya tatu alikuwa amelisahau jina la mama yake mzazi, yule wa kwanza. Ya nne aliuliza mara mbili yule bwana kwenye picha aliyoileta Marcelline ni nani, na yule bwana alikuwa yeye mwenyewe, siku ya harusi, amevaa suti ya kuazima. Marcelline alimwambia tena na tena. Alikuwa anamsuka na huku anamkumbusha, na alijua kwamba nywele zitabaki.

Akaenda kwa Mwalimu Peguy. Huyu alifundisha historia ya Kanisa seminarini miaka kumi na miwili, na sasa alilinda magari ya watu karibu na pwani, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Alimsikiliza Marcelline hadi mwisho huku akiongoza gari moja kurudi nyuma.

"Si jambo geni," akasema. "Wakristo wa mwanzo walilijadili sana. Hata wanafunzi wa Bwana, walipomwona yule aliyezaliwa kipofu, waliuliza kama ni dhambi yake mwenyewe. Sasa alitenda dhambi lini, kabla ya kuzaliwa? Nitakuja Jumapili, mama. Nitakusemea."

Walikutana Jumapili ya mwisho ya Oktoba katika kantini ya kiwanda kimoja cha sabuni huko Mobeni. Papa Léonard alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, kwa hiyo funguo zilikuwa mikononi mwake. Fathima alikuja amejitanda mtandio, akaketi karibu na mlango, mtoto mkononi. Papa Léonard akamwendea mtoto, akampa mkono.

"Karibu, Ruphin. Umekuwa mdogo."

"Na wewe umezeeka," mtoto akasema.

Hakuna aliyebisha kwamba ni Ruphin. Wawili watatu walisogea kumsalimu, na mmoja alimkumbusha habari ya baiskeli yake. Shauri lilikuwa jingine: je, inaruhusiwa?

Mwalimu Peguy akasimama. Alisema vizuri, maskini, kama mtu aliyekaa kimya miaka mingi. Alieleza kwamba siku za kale yalikuwako makundi ya Wakristo yaliyofundisha kuwa roho hurudi na kuvaa mwili mwingine. Alimtaja Orijeni wa Aleksandria, aliyesema roho zilikuwako kabla ya miili. Kama alisema pia kwamba zinarudi, wasomi wanabishana hadi leo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Marcelline akahisi moyo wake unapanda. Laiti mwalimu angekomea hapo! Lakini mwalimu ni mwalimu, hawezi kufundisha nusu ya somo. Akaendelea kusema kwamba mafundisho hayo yalilaaniwa kule Konstantinopoli, mwaka mia tano hamsini na tatu, ingawa hata hilo wapo wanaobisha kama lilipitishwa kikaoni.

"Mwaka gani?" Papa Léonard akauliza.

"Mia tano hamsini na tatu."

"Katibu, andika mwaka huo." Papa Léonard akageukia watu. "Ndugu zangu, mimi simkatai Ruphin. Ni yeye, mnamwona. Lakini jambo hili limekatwa miaka elfu moja na mia nne iliyopita, na waliolikata ni wakubwa kuliko sisi wa kantini. Roho zikianza kurudi, kila moja itakuja na kesi yake. Nani atabaki salama hapa?"

Watu wakatazama sakafu. Karibu nusu yao walikuwa ndani ya kanisa lile siku ile.

"Mwacheni aseme kwanza!" Marcelline alisema, kwa sauti ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. "Hukumu mtatoa baadaye. Aseme!"

Fathima akamsimamisha mtoto juu ya meza.

"Nilirudi," Ruphin akasema. "Bidoni lilikuwa limejaa. Nikapiga mlango. Léonard akauliza ni nani..."

"Maji yakimwagika hayazoleki," Papa Léonard akasema taratibu. Akasimama, akainua mikono. "Tuimbe."

Wakaimba. Walianza wachache, kisha wote, wakasimama, na mikono ya Papa Léonard ikawa inapanda, juu, juu zaidi, mpaka vikombe vya kantini vikalia rafuni. Juu ya meza kinywa cha mtoto kilikuwa kinafunguka na kujifunga. Kisha akapiga magoti, akaanza kugonga meza kwa ngumi yake ndogo. Tatu, kisha mbili. Tatu, kisha mbili. Marcelline peke yake hakuimba, ndiyo maana yeye peke yake alisikia.

Wimbo ulikuwa na beti sita. Ulipokwisha, mtoto alikuwa anamwomba mama yake juisi, kwa Kiingereza.

"Ruphin," Marcelline akaita.

Mtoto akajificha nyuma ya mtandio wa Fathima.

Katibu akaandika: Shahidi hakupatikana. Mwalimu Peguy akakaa muda mrefu akikunja na kukunjua kizibao chake, kisha akaomba radhi, akasema ana zamu. Fathima akampakata mwanawe, akamshika Marcelline bega.

"Samahani, dada. Jumamosi tuje?"

"Njooni. Nywele zake zinakua haraka."

Wakaja. Mtoto alikaa juu ya kasha la soda, akamwita Marcelline aunty, akasema anataka shanga za zambarau mwishoni mwa kila msuko. Bakuli la sombe alilikataa. Lilinuka majani, alisema. Marcelline alisuka bila kumkumbusha kitu. Alipofika msuko wa nne, vidole vya mtoto vilianza kugonga mkono wa kiti, vyenyewe tu, huku macho yake yakitazama magari nje kwenye taa za robot. Tatu, kisha mbili.

"Ingia," Marcelline akasema.

Mtoto akageuka, akatazama mlangoni. "Nani, aunty?"

"Mume wangu."

Mtoto hakumwona mtu. Hata hivyo akasogea kidogo juu ya kasha lake, akaacha nafasi, akaendelea kutazama magari.

Kesho yake, saa nane kamili, Papa Léonard alifunga mlango wa kantini kwa ndani, akapanga viti, akakileta mwenyewe kile kitupu na kukiweka kando ya Marcelline. Kisha akainua mikono, watu wakaimba. Marcelline hakuimba. Alikuwa anasikiliza mlango.