Njia ya Kifusi

Barabara mpya ya Ipole ilipokamilika mwaka 1974, ilibaki njia moja ya pembeni, maili tatu ndani ya msitu, ambayo malori yalikuwa yakipita kuchota kifusi. Siku katapila linaondoka, Alois, bwana msitu, alimfuata msimamizi wa kazi, Mzee Abbasi wa Tabora mjini.

"Shikamoo, mzee. Nakuomba unichimbie mtaro hapa njia inapoanzia, lori lisipite tena."

"Marahaba. Kazi yangu ni kufungua njia, siyo kuzifunga."

"Ukiiacha hivi, baada ya miaka miwili hutakuta mti wa mninga humu."

Abbasi akaguna, kisha akamwashiria dereva. Mtaro ukachimbwa, kina cha kumfika mtu kifuani.

Kesho yake kijiji kizima cha ujamaa kilikuwa na habari. Aliyekuja na maneno ni Silasi, kaka wa mke wa Alois, ambaye alishawaahidi wapasua mbao wa Nzega magogo.

"Tumehamishwa huku tulime tumbaku, na mabani ya kukaushia yanataka kuni. Leo shemeji yangu ndiye ananifungia njia?"

"Kuni beba kwa baiskeli, hakuna atakayekuuliza. Nimezuia lori, na lori lenyewe haliji kwa ajili ya kuni."

"Basi kwangu usikanyage."

Wiki hiyohiyo mtaro ulifukiwa. Alois akaufukua peke yake, siku tatu. Ukafukiwa tena, naye akaufukua tena. Kisimani, wanawake walinyamaza kila Ng'washi, mkewe, alipofika. Halafu mizinga ya nyuki ya Alois ikachomwa moto, yote kumi na miwili.

"Ni kaka yangu," Ng'washi alisema. "Utamshtaki?"

"Sitamshtaki. Na mtaro siufukii."

"Mimi ndiye ninayeishi nao hawa, Alois. Wewe unashinda porini."



Mvua zilipoanza, mtaro ulijaa maji, na hakuna aliyehangaika kuufukia tena. Kufikia Machi machipukizi ya miyombo yalikuwa yamefika magotini katikati ya njia.

Mwezi huohuo mama yake Ng'washi akafariki. Alois alipofika msibani, Silasi alimzuia uani mbele ya watu.

"Huna msiba hapa."

Alois akarudi nyuma, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka mazishi yakaisha. Ng'washi alitoka mara moja, akampa maji ya kunywa, akasubiri kikombe, akarudi ndani.