Baruti Si Dagaa

Mjomba Altaf alitaka baruti iliyoloa ianikwe juu ya mabati kama dagaa wa Nkome, kisha wachimbaji wauziwe. "Kila masika tunaanika. Imeshamdhuru nani?"

Eti imeshamdhuru nani! Mumtaz, mpimaji wa maabara ya mgodi wao mdogo, hakubishana. Alitia punje moja ya baruti ile kwenye tanuri ya kupimia, akafunga mlango, akamwambia mjomba asubiri. Joto likapanda taratibu. Ghafla punje ikalipuka, kioo cha mlango kikapasuka, mjomba akaruka.

"Jua si tanuri," Altaf akasema akijikung'uta. "Lete ufunguo wa ghala la baruti."

Mumtaz ndiye aliyekabidhiwa kuutunza. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la mtandio wake.

"Mjomba, shikamoo nitakupa kila siku, lakini ufunguo sikupi. Ukiutaka, weka kiti chini ya mabati hayo, baruti ianikwe juu yako, unywe chai mpaka alasiri. Ukitoka mzima, ghala ni lako."

Wachimbaji waliosubiri mlangoni wakamgeukia Altaf. Akatazama jua, akatazama mabati.

"Chai," akasema hatimaye, "nitanywea nyumbani."