Marufuku ya Yonathani

Bibi Enesi alipofika Tunduma kutoka Mbozi kumlea mjukuu wake, mwanawe Yonathani alimpokea begi, kisha akampa amri: mbele ya mtoto Boazi, Kinyiha, lugha ya kwao, marufuku. Mtoto ataongea Kiswahili na Kiingereza, shule isije ikamshinda. Yonathani ni wakala wa forodha pale mpakani, kutwa anahangaika na mizigo iliyozuiliwa, na sasa akamzuilia mama yake maneno.

Enesi akatii, maana nyumba haikuwa yake. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, kilitosha kuulizia bei ya nyanya, hakikutosha kumbembeleza mtoto. Mkwewe Ketrina alikuwa akiuza vitenge Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo bibi alishinda na mjukuu peke yao, akimwambia njoo, kula, acha, lala. Basi. Hadithi zake zote zikamkaa kooni, na Boazi akavuka miaka miwili bila neno hata moja.

Yonathani akaona kosa ni la bibi. Akaamua mama arudi Mbozi na mtoto apelekwe kituo cha kulelea watoto, lakini kwanza akawapeleka kliniki, akitaka mtaalamu amuunge mkono.

Nesi Imelda alitikisa funguo nyuma ya Boazi, mtoto akageuka mara moja. Akamkagua ulimi, akauona mzima. Ndipo akauliza mtoto anashinda na nani, na anaongeleshwa nini. Enesi akainamisha uso kwa aibu isiyo yake. Yonathani akajibu kwa niaba yake, na ile amri akaieleza kwa majivuno kabisa.

"Kwa hiyo bibi mmemfunga mdomo," nesi alisema. "Mtoto anajifunza kuongea kwa kuongeleshwa, baba. Bibi, tumia lugha yako. Mwimbie, mtajie kila unachoshika. Akitoa sauti yoyote, mjibu. Kiswahili atakipata tu, mji umejaa. Mwezi ujao mnirudishie nimwone."

Njiani Yonathani alisema kazi ya nesi ni sindano, mambo ya shule hayamhusu, na amri iko palepale.

Asubuhi yake aliketi uani na ungo wa maharage, akamweka Boazi mbele yake, akaanza. Kwa Kinyiha alimtajia maharage, ungo na jogoo wa jirani. Akamwita mume wangu, akamtania kwamba ni mume gani huyu asiyejua kulima. Boazi alimkodolea macho mdomoni.

Yonathani akatokea mlangoni. "Mama, tulikubaliana nini?"

"Uliamua wewe, mimi nilinyamaza tu." Enesi aliendelea kuchambua. "Ukitaka niondoke, nitafutie gari. Mpaka lije, naongea na mjukuu wangu."

Hasira zikampanda mwanamume. Akamwaga yote: alivyochekwa darasani kwa sababu ya lafudhi ya kwao, alivyochapwa, na kwamba mwanawe hatachekwa na mtu. Alisema kwa kirefu na kwa uchungu, na yote aliyasema kwa Kinyiha, mwenyewe hana habari.

Boazi alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akiongea namna ile. Akainuka, akamwendea, akamshika suruali, akatoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka, akimwigiza.

Yonathani akainama kumtazama.

"Mwanao anakuongelesha," Enesi alimwambia kwa Kinyiha. "Mjibu."