Upepo wa Kushukia

Mke wangu Ernesta alikufa mwezi wa nne, mwaka sabini na sita, kwa homa ya siku tatu. Sikulia. Watu wakasema Kipriani ana roho ngumu, nami nikawaacha waseme. Nilikuwa nalima, nakula, nalala, basi.

Mwezi wa saba mama yake, Mama Winifrida, akatuma ujumbe kutoka Kasulu: nimpelekee vyungu alivyoacha mwanawe. Ernesta alikuwa mfinyanzi. Aliacha sita, vimeshachomwa. Kutoka kwetu upande wa Kibondo hadi Kasulu kwa baiskeli ni siku mbili, na katikati kuna mteremko wa mawe matupu. Kimoja kikivunjika, hakuna wa kufinyanga kingine.

Nikaenda kwa Dadi, fundi baiskeli wa hapo kijijini. Huyo Dadi anajua jambo moja tu, kujaza. Akapiga pampu mpaka tairi halibonyei.

"Umezidisha," nikamwambia.

"Ndugu Kipriani, mzigo ni mzigo. Tairi likiwa laini, rimu itakata mpira wa ndani."

"Hilo ni neno la magunia. Mimi nabeba vyungu."

"Haya, nipunguze kiasi gani?"

Miaka tisa nimeshusha vyungu kwenye mteremko ule, na sijawahi kupima upepo hata siku moja. Nikamlipa, nikaondoka nimenuna.

Aliyekuwa akipima ni Ernesta. Tulikuwa tukitembea pamoja, yeye na viwili kichwani, mimi nasukuma vingine kwenye keria. Tukifika juu ya mteremko ananiambia simama. Anabonyeza tairi kwa dole gumba, vile anavyobonyeza udongo wake, halafu analegeza valvu. La nyuma analifanya laini, la mbele analiacha gumu kidogo, maana ukishuka umeshika breki mzigo wote unakuja mbele. Mimi nimekunja uso, nanung'unika kwamba tunachelewa.

"Hata mimi naweza," namwambia.

"Ungepima wewe, tungekuwa tunauza vigae."

Ana mdomo yule mwanamke. Kisha mimi napanda nashuka, yeye anakuja nyuma kwa miguu.

Safari hii nilisimama pale pale, bila kuambiwa. Nikabonyeza tairi. Dole langu halikuniambia kitu, sijui udongo mimi. Nikalegeza valvu ya nyuma, upepo ukaanza kulia, na mkono ukaifunga wenyewe. Nikashangaa. Nilikuwa nimefunga pale ambapo Ernesta angesema, "Haya, basi." Kumbe miaka yote nilipokuwa nanung'unika nilikuwa nasikiliza upepo ule unavyotoka, na urefu wake ulikuwa umeniingia. Ya mbele nikaifungua kidogo tu, nikafunga.

Nikashuka. Mawe yalipita chini ya tairi, vyungu vikatikisika ndani ya nyasi nilizovifungia, havikugongana. Sikufurahi wala sikuogopa. Nilipofika chini nikasimama kumngoja, kama kawaida yangu, mpaka nikakumbuka. Nikaendelea.

Kasulu, Mama Winifrida alinitolea kigoda, kisha akavitoa vyungu kimoja kimoja, anapitisha kiganja ndani na nje. Vyote sita vizima.

"Alikuwa akiniambia wewe hujui upepo," akasema. "Nani amekupimia, baba?"

"Nimepima mwenyewe, mama."

"Basi unajua."

Miaka tisa nilibishana na yule mwanamke kwamba naweza, na sasa nimeweza. Nilitaka kipatikane chungu kimoja chenye ufa, hata kidogo, nisemwe kama alivyokuwa akinisema Ernesta. Nikaviangalia tena vyote sita. Nikalia mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu mwanamume halifanyi, naye akaendelea kuvipanga ukutani, akaniacha nilie.