Kiti cha Mzee Fok

Asubuhi hiyo Sau-ling alimfunga baba yake skafu nyekundu shingoni, ingawa kulikuwa na joto, ili asimpoteze kwenye foleni ya nyumba ya chai. Mzee Fok alikuwa akififia tangu kitabu cha kuwaongoza watalii kiisifie nyumba hiyo ukurasa mzima. Vidole vilitangulia, yakafuata masikio. Daktari alimpima presha, akasema apunguze chumvi.

Hakuwa peke yake. Wazee wengi wa mtaa ule wa Guangzhou walikuwa wanafifia wakisubiri meza. Aliyepata kiti na kumiminiwa chai alirudi kama alivyokuwa. Kitabu kilieleza kila kitafunwa, kikasahau kuwaambia wageni wawapishe wenyeji.

Sau-ling alimshika baba yake mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi kama leso.

"Baba, upo?"

"Nipo. Uliza kama miguu ya kuku imebaki. Hawa wa kitabu wataifagia yote."

Walipofika mlangoni, skafu ilikuwa inaning'inia hewani. Lok, mhudumu aliyemjua mzee miaka mingi, aliitazama, kisha akatazama pembeni.

"Wangapi?"

"Wawili. Lok, usinifanyie hivyo. Baba unamjua."

"Namjua sana, dada. Shikamoo, mzee. Lakini meneja anahesabu anaowaona. Nina nafasi ya mmoja, uchangie meza na wageni."

Kando ya kiti alichopewa Sau-ling kulikuwa na kingine kitupu. Kabla hajatamka neno, mama mmoja kutoka Beijing aliweka mkoba wake pale.

"Samahani, hicho ni cha baba yangu."

"Akifika nitautoa, mwanangu," mama alijibu kwa upole, akafungua kitabu.

Sau-ling alimimina chai vikombe viwili, akakisogeza kimoja ukingoni mwa meza, skafu ilipokuwa imesimama. Vidole visivyoonekana viligonga meza taratibu, kushukuru kwa chai.

"Umesikia?" mama akamwambia mwenzake, akionyesha ukurasa. "Imeandikwa humu. Hivyo ndivyo wanavyoshukuru."

Akagonga naye. Wageni wa meza ya pili wakagonga, na wa dirishani, mpaka meza zote ukumbini zikawa zinagongwa.

Sau-ling alilaza sikio mezani, akijaribu kuvitenga vidole vya baba yake na vya wengine. Skafu ilikuwa imeshaanguka sakafuni. Mkoba ulikuwa bado kitini.