Shampeni ya Mtaa wa Sikukuu

Kila Desemba ikianza kuisha, Leodegar wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alikuwa akifunga duka lake la vyombo, anapakia mke na watoto kwenye basi, anaenda zake kwao Kibosho kuhesabiwa na ukoo kama Wachaga wenzake. Mwaka ule hakwenda. Enzi ya ruksa ilikuwa imekolea. Mtu aliyezoea kupanga foleni ya sabuni sasa alikuwa akichagua na harufu yake. Leodegar naye alikuwa amealikwa kwenye ofisi moja kule Posta, akaona chupa ikifyatuliwa, kizibo kikagonga feni, wenye suti wakapiga makofi. Alirudi nyumbani mtu mwingine.

"Mama Brightness," alimwambia mkewe, Severa, "watu wa maana Krismasi wanakaa mjini na kukaribisha wageni. Tutafungua shampeni."

"Na wazee Kibosho?"

"Wazee watapelekewa sukari."

Akanunua katoni kumi na mbili kwa dalali wa bandarini, chupa zenye shingo ya dhahabu, akazipanga sebuleni ili kila anayeingia azione kabla hajaona kiti.

Severa aliwahi kuwa mwalimu kule Ilala, kabla mshahara haujamfukuza. Ualimu ulimwachia ugonjwa mmoja: hakuweza kupita penye maandishi bila kuyasoma. Siku ya Krismasi, walipotoka kanisani, alikuwa akizilaza chupa kwenye beseni la barafu, akaigeuza moja. Mbele kulikuwa na taji na simba wawili. Nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, Kiingereza kilisema: juisi ya zabibu yenye gesi, haina kilevi, inafaa kwa watoto.

Akainuka amwambie mumewe. Leodegar alikuwa ameshaingia jikoni na tai mpya, anachungulia sufuria.

"Machalari? Shampeni na ndizi? Unataka kunivua nguo mbele ya mtu wa benki!" Akaisukuma sufuria chini ya meza. "Leo ni jibini na zeituni, kwenye vijiti. Wewe panga bilauri. Mambo ya vinywaji niachie mimi, huyajui."

Severa akayameza maneno aliyokuja nayo. "Haya, baba Brightness."

Mchana wageni wakafika. Mtu wa benki aliitwa Tarsis, na Leodegar alikuwa akitamani mwaka mzima kumwita rafiki. Alikuja Candida, dada yake Leodegar, mwenye saluni. Wakaja pia Pankaj na mkewe Ila, wauzaji wa jumla wa mtaa wa pili, Wahindu wasiogusa nyama wala pombe, na boksi la vitamutamu vya laddu mkononi.

Kizibo kiliruka kikavunja sahani ya ukutani. Watu wakashangilia. Tarsis aliizungusha bilauri, akainusa, akafumba macho.

"Hii ni Ufaransa ya kusini," alisema. "Inakuja taratibu, halafu inakukamata magoti."

Bilauri ya pili ilipokwisha, magoti yalikuwa yameshakamatwa. Tarsis aliegemea ukuta na kuuomba radhi. Candida alicheka peke yake, akidai anaona Leodegar wawili, na wote wamependeza. Leodegar mwenyewe alisimama kutoa hotuba, akatangaza duka Dubai, kisha akamkumbuka marehemu baba yake aliyeuza ndizi kwa mkungu, akalia mbele za watu. Severa alimtazama akaona aibu kwa ajili yake, na huruma vilevile.

Pankaj na Ila walikaa pembeni, kila mmoja na kijiti cha jibini, wakitoka jasho. Soda Leodegar alikuwa amezipiga marufuku.

"Mama Brightness," Pankaj alinong'ona, "hakuna kitu cha baridi kwa sisi?"

Severa akachukua chupa, akawajazia bilauri mbili. Leodegar akaruka.

"Mama Brightness! Hawa hawanywi pombe! Umelewa nini?"

Ila alikuwa ameshaifunika bilauri kwa kiganja. "Dada Severa, hii ni pombe?"

Severa alimtazama mumewe. Angeweza kumstahi. Lakini mgeni akiuliza kinachoingia kinywani mwake, hadanganywi.

"Si pombe, dada. Ni juisi ya zabibu. Imeandikwa nyuma kwamba hata watoto wanaruhusiwa."

Tarsis akabanduka ukutani, akasimama wima kama askari wa gwaride, akaisoma chupa mara mbili.

"Nilihisi," alisema, akikaza tai. "Nilihisi ni nyepesi."

"Lakini mimi nimeona watu wawili wawili!" Candida alilalamika.

"Ni njaa, wifi. Ngoja nipakue."

Machalari yakatoka chini ya meza. Severa alikuwa amewabandikia Pankaj na Ila ndizi za nazi bila nyama, na Ila akamwomba amfundishe kuzipika. Tarsis alikula sahani tatu bila kutaja Ufaransa.

Leodegar alikuwa kibarazani, tai mfukoni. Severa akampelekea sahani.

"Ulijua?"

"Toka asubuhi."

"Ukaninyamazia."

"Uliniambia siyajui."

Alitaka kukasirika, lakini ndizi zilikuwa za moto. "Mzee nilimlilia kweli," alisema baadaye. "Ile haikuwa chupa."

"Najua," Severa akajibu, akakaa karibu naye.

Kariakoo haina siri. Siku ya tatu akaja Awadhi, muuza kanga wa ng'ambo ya barabara, anayemwoza binti yake Sabaha. "Jirani, ile shampeni isiyo haramu imebaki?" Akabeba katoni zote zilizobaki. Arusini vizibo vikaruka, mashangazi wakapiga vigelegele, na wiki ileile wenye arusi wengine wanne wakabisha hodi.

Kufikia Februari Leodegar alikuwa akiwasimulia wateja jinsi alivyoliona soko mapema, na jinsi alivyowafanyia wageni wake wa Krismasi majaribio kwa makusudi. Severa hakumsahihisha. Yeye alikuwa ameweka meza mlangoni, maana sasa hakuna kilichonunuliwa kwa dalali kabla yeye hajasoma maandishi ya nyuma, na majirani nao wakaanza kumletea makopo yao. Euphrasia wa duka la vitenge alileta chupa ya mafuta aliyokuwa akijipaka kichwani mwezi mzima. Severa akaisoma, akamwambia ni ya kutilia kachumbari.

Euphrasia akazishika nywele zake, akafikiri.

"Lakini zimekubali," alisema. "Hawakuandika kwamba ni marufuku, au wameandika?"